Daftari la Safu Nne



Mwezi uliopita, siku ya mgao wa chakula, nilikuwa kwenye mstari na gunia langu begani, mama mmoja jirani akanisogelea. Binti yake amemaliza sekondari.

"Papa," akasema, "mutoto wangu alipata D6. Anataka kuenda kusoma mambo ya banyama ku chuo. Lakini kule masomo ni Kiingereza, na Kiingereza hajue. Si ataenda kupata haya tu?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana mstari ulikuwa unasogea na watu wa nyuma wanasukuma. Nikamwambia, "Mama, mwache aende, tutaongea." Sasa nimeombwa kuandika ukurasa huu, basi jibu refu nalitoa hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Mimi nilianza masomo ya mifugo kule Kivu ya Kusini, katika shule ile tunayoiita ITAV, ya kilimo na utabibu wa wanyama. Nilikuwa mwaka wa tano vita ilipofika Uvira, mwezi wa 10 mwaka 1996. Tukavuka ziwa Tanganyika kwa boti usiku, tukafika Kigoma, na kutoka pale kambini. D6 yangu niliipata humu humu kambini, kwa programu ya Kongo na kwa Kifaransa. Mafunzo ya mifugo hayakuwepo, kwa hiyo nilimalizia biolojia na kemia. Mwaka 2003 nikapata ufadhili wa DAFI, ule ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR, ili nikasome utabibu wa mifugo chuo kikuu. Miaka mitano.

Hapa ndipo lugha ilipoanza kunichapa. Ningekuwa Lubumbashi, ningesoma kwa Kifaransa kama nilivyozoea. Lakini Sokoine kule Morogoro, Nairobi, Makerere, kote huko utabibu wa mifugo unafundishwa kwa Kiingereza, na chuo nilichokwenda mimi kilikuwa hivyo hivyo. Kiingereza changu kilikuwa cha miezi sita, nilichojifunza jioni kwa kamusi ya kuazima iliyokosa kurasa za mwanzo. Maneno yanayoanza na A sikuyajua kabisa!

Wiki ya kwanza mwalimu alitaja neno "hefa" mara nyingi sana. Nikaandika "hefa" kama nilivyosikia. Usiku nikalitafuta kwenye kamusi, halipo. Nilikaa siku tisa bila kujua kwamba ni mtamba, yule ng'ombe jike ambaye hajazaa, ambaye kwa Kifaransa ni "génisse", neno nililolijua tangu utoto. Linaandikwa "heifer". Nani angejua? Na kwa siku zote hizo tisa, mwalimu alipouliza kama tumeelewa, mimi nilitikisa kichwa kama wengine.

Kusema kweli maneno mageni kama hilo hayakunisumbua sana. Neno usilolijua linakusimamisha, unatafuta, unauliza. Yaliyonitesa ni maneno niliyodhani nayajua. Kifaransa na Kiingereza ni kama ndugu wawili waliogombana: wanafanana sura lakini usimtume mmoja kwa mwenzake. "Rein" kwa Kifaransa ni figo, kwa Kiingereza ni hatamu ya farasi. "Chair" kwa Kifaransa ni nyama ya mwilini, kwa Kiingereza ni kiti. "Pain" ni mkate huku, ni maumivu kule. Katika jaribio la kwanza niliandika kwamba mnyama mgonjwa ni "sensible", nikimaanisha ukimgusa anasikia maumivu. Mwalimu akaelewa kwamba mnyama huyo ana busara, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba anafurahi kusikia hivyo.

Hata namba zinazungumza lugha. Hili wazazi wengi hawalifikirii. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, koma ni ya desimali: 1,5 ni moja na nusu. Wanaosoma kwa Kiingereza, desimali ni nukta, na koma inatenga maelfu. Basi likaja swali la hesabu ya malisho, ng'ombe anatoa maziwa lita 1,500 kwa kipindi kizima cha kukamuliwa cha siku 305. Mimi nikasoma lita moja na nusu. Kwa siku zote 305! Nikashangaa, nikapiga hesabu yangu vizuri kabisa, nikashauri ng'ombe huyo auzwe kwa mchinjaji upesi. Kumbe alikuwa anatoa karibu lita tano kwa siku, ng'ombe wa kumheshimu. Darasa zima lilicheka na mimi nikacheka, lakini usiku sikulala. Kwenye karatasi ni kicheko. Je, ingekuwa dawa kwenye bomba la sindano?

Jaribio lile nilifeli. Ufadhili ulikuwa na masharti, ukifeli mwaka unarudi. Niliona sura ya mama yangu akinipokea getini na sanduku langu, na majirani wakitazama.

Kilichonitoa hapo kilianzia bwenini. Mimi niliamini wenzangu Watanzania hawana shida, kwa kuwa wako kwao. Lakini usiku mmoja niliwasikia chumba cha jirani wanabishana kwa Kiswahili juu ya matumbo ya ng'ombe, chakula kinapita wapi kwanza na wapi baadaye. Mchana, mwalimu alipouliza swali hilo hilo kwa Kiingereza, wote hao walikuwa kimya kama maji ya mtungini. Nikagonga mlango. Ndipo nikaelezwa: wao walisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari wakaingizwa kwenye Kiingereza kwa ghafla, na wengi walikariri tu. Maneno waliyajua kwa mdomo, ila mawazo yao yalikuwa bado yanatembea kwa Kiswahili. "Sisi sote wakimbizi hapa, kaka," mmoja akaniambia kwa utani. Nilimsamehe utani huo, alikuwa na moyo mzuri.

Tukafanya biashara. Wao walikuwa na Kiingereza zaidi yangu na Kiswahili fasaha. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na Kilatini bila kujua. Mifupa na misuli ya mnyama ina majina ya Kilatini ambayo madaktari wa dunia nzima wanayatumia, na Kifaransa ni mtoto wa Kilatini. Wenzangu walikuwa wanakariri "pulmo" kwa taabu, mimi nikiona "poumon", pafu. "Ren", nikaona "rein", figo. "Cor", nikaona "cœur", moyo. "Dens", "dent", jino. "Lingua", "langue", ulimi. Jioni tulikuwa tunazunguka meza ya mifupa, harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti ikituchoma macho, mimi nawapa mzizi wa neno, wao wananipa matamshi ya Kiingereza. Mfupa nao una wema wake, haukuulizi umetoka nchi gani. Ukiweka kidole kwenye "scapula", ni "scapula" kwa Mkongo, kwa Mtanzania na kwa Mjerumani, na hakuna mmoja kati yetu aliyeizungumza lugha hiyo kwa mama yake.

Hapo nikaanza daftari. Nililichora safu tatu kwa rula: Kifaransa, Kiingereza, Kilatini. Kila jioni maneno ishirini. Kiswahili sikukiwekea safu. Nilidhani Kiswahili ni cha sokoni na cha kuombea chumvi, hakina kazi chuo kikuu. Tena Kiswahili changu cha Kivu walikuwa wanakicheka kidogo, eti nasema "banyama". Mwaka wa pili nikapita vizuri, nikaanza kujiamini. Labda nilijiamini kupita kiasi.

Mwaka 2006, nikiwa mwaka wa tatu, tulikwenda na mwalimu kwenye kijiji cha wafugaji kwa mafunzo ya vitendo. Tukakuta ng'ombe amekufa usiku, ghafla, bila kuugua. Tumbo limevimba, miguu haijakakamaa vizuri, puani na nyuma inatoka damu nyeusi isiyoganda. Mwalimu alimtazama kwa mbali akasema "anthrax", akaongeza maneno mengine ya haraka ambayo sikuyashika, akarudi kwenye gari kuchukua glavu na vioo vya hadubini.

Anthrax! Neno hilo nilikuwa nalijua tangu Kivu. Kwa Kifaransa "anthrax" ni majipu yaliyoungana pamoja kwenye ngozi ya mtu. Yanauma, lakini ni majipu. Nikajiambia, basi kazi hii ni nyepesi. Na kule ITAV tulifundishwa kwamba mnyama aliyekufa afunguliwe ili ionekane sababu. Wenzangu walikuwa wamerudi nyuma, nikafikiri wanaogopa harufu. Nikatoa kisu, nikapiga goti, nikashika ngozi ya tumbo.

Mkono ukanikamata kwenye kiwiko. Alikuwa mzee wa Kimaasai, mwenye ng'ombe huyo.

"Wewe kijana! Kimeta hiyo. Usikate."

Neno kimeta sikulijua. Lakini mkono ule niliuelewa, ulikuwa unatetemeka.

"Kimeta ndiyo nini, mzee?"

"Ni ile inaua ng'ombe, halafu inaua yule anayempasua, halafu inaua wale wanaokula."

Ndugu wasomaji, ugonjwa huo mimi niliusoma, niliujua vizuri, na niliupatia alama nzuri sekondari. Kwa Kifaransa unaitwa "charbon". Nilifundishwa kwamba mzoga wake haufunguliwi kamwe, kwa sababu vijidudu vyake vikipata hewa vinajitengenezea ganda gumu na kukaa ardhini miaka makumi, vikingoja ng'ombe mwingine aje kulisha pale. Nilijua kwamba damu kidogo inachukuliwa sikioni tu, kwa kupima, kisha mzoga unachomwa au unafukiwa kwenye shimo refu pamoja na chokaa. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, lakini yalikuwa yamefungiwa ndani ya neno "charbon", na mwalimu alikuwa ametamka neno jingine. Na kichekesho chenyewe ni kwamba maneno hayo mawili yana maana moja! "Anthrax" ni makaa kwa Kigiriki, "charbon" ni makaa kwa Kifaransa, kwa ajili ya kidonda cheusi kinachompata mtu. Waingereza wakachukua la Kigiriki kwa ugonjwa huu, Wafaransa wakalipa majipu. Na mimi katikati yao nimepiga goti na kisu.

Mwalimu aliporudi akaona kisu mkononi mwangu, hakusema kitu kwa muda. Halafu akaniuliza polepole, kwa Kiswahili, mara ya kwanza kunisemesha kwa Kiswahili tangu tufahamiane: "Neno hili kwenu mnaliitaje?" Nikamweleza. Ningetegemea anifukuze. Somo lililofuata aliandika ubaoni maneno manne kwenye mstari mmoja: charbon, anthrax, *Bacillus anthracis*, kimeta. Akasema kuanzia siku hiyo, kila ugonjwa utakaofundishwa, darasa litataja majina yote linayoyajua, na atakayekuwa na jina la kwao alilete. Wengine walinung'unika kwamba chuo kikuu si mahali pa lugha za kijijini. Yeye akawajibu kwamba mgonjwa wao hatakuja na kamusi.

Usiku ule nilichora safu ya nne.

Safu hiyo ndiyo iliyojaa haraka kuliko zote. Kila tulipokwenda kliniki au minadani niliwauliza wafugaji. Ule ambao Waingereza wanauita "homa ya Pwani ya Mashariki", mimi nilikuwa nimeshaandika kwenye zoezi kwamba kwetu Kivu hauwezi kuwepo kwa sababu hatuna bahari! Kumbe ni "theilériose" ileile inayomaliza ndama kwetu, inaletwa na kupe wa masikioni, Wanyarwanda wanaiita ikibagarira, na kwa Kiswahili ni ndigana kali. Ipo na ndigana baridi, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa ingawa majina ni ya ukoo mmoja. Chambavu, ule unaovimbisha paja mpaka ukibonyeza linatoa sauti kama karatasi, kwa Kifaransa ni "charbon symptomatique", kwa hiyo hata hilo neno langu la "charbon" lilikuwa na mtego wake. Na sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa babu zetu na ambayo mwaka 2011 ilitangazwa kutokomezwa duniani kote, Wafaransa wanaiita "peste bovine", na Waingereza "rinderpest". Hilo la Waingereza nalo si lao, ni la Kijerumani. Wamelichukua bila haya yoyote, sisi tunaona haya kusema kimeta.

Pale kliniki nikajifunza jambo jingine. Mama mmoja alileta mbuzi, mwenzangu hodari wa Kiingereza akamuuliza kwa Kiswahili kilichojaa maneno ya kitabuni, mama akaitikia "ndiyo" kwa kila swali. Niliutambua uitikiaji ule. Ulikuwa ni wangu wa wiki ya kwanza. Nikachuchumaa, nikamwomba anionyeshe kwa mkono tu mbuzi anafanyaje usiku. Akaigiza, jamani, akakohoa na kunyoosha shingo mpaka watu wakacheka, na sisi tukajua tuanzie wapi.

Nilimaliza mwaka 2008. Sikuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho.

Nimerudi kukaa na ninyi, na wengi wenu mnanijua kwa kuku zaidi kuliko kwa ng'ombe, maana ng'ombe tutawatoa wapi humu. Mnakumbuka mara ya kwanza nilipopita nikitangaza chanjo ya mdondo? Watu wachache sana walikuja. Nilikaa kivulini na chupa yangu nikijiuliza kama mnaipinga chanjo. Kumbe hakuna aliyejua mdondo ni nini! Jina hilo nililiokota huko chuoni, la Watanzania, nami nikalileta hapa kama mwalimu wangu alivyotuletea "heifer". Mzee mmoja ndiye aliyeniuliza, "Ni ile inawapinda shingo na kuharisha kijani, banyumba yote banakufwa?" Ndiyo hiyo, mzee. Tone moja la dawa jichoni, na kurudia kila miezi mitatu au minne. Siku iliyofuata nilipita nikitangaza chanjo ya "ile ya kupinda shingo", na mkaja na kuku kwenye vikapu, kwenye mashati, hata bata.

Sasa mama yangu wa kwenye mstari, na wengine wenye watoto waliomaliza. Mtoto asingoje apate nafasi ndipo aanze Kiingereza, na asianze na kitabu kinene. Aanze na mwili: achukue kuku anayechinjwa nyumbani, ataje kila kiungo kwa lugha zote alizo nazo. Ajifunze kusoma namba za Kiingereza, koma na nukta, kabla ya kitu kingine chochote. Maneno yanayofanana na Kifaransa ayaandike kwa wino mwekundu na asiyaamini mpaka aulize. Na akifika huko, wiki ile ya kwanza, mwalimu akiuliza kama mmeelewa, anyooshe mkono. Watamcheka, ndiyo. Mimi walinicheka kwa ajili ya ng'ombe wa lita moja na nusu, na nipo.

Daftari langu bado lipo. Limeshika unga na maji ya mvua, ukurasa wa herufi H umechanika nusu, lakini linasomeka. Jumamosi mchana nitakuwa nalo kwenye maktaba ya vijana. Binti wa mama yule amesema atakuja. Atakayetaka kunakili aje na daftari lake na kalamu yake, na alichore safu tano, si nne. Ya tano ni ya Kibembe, Kifuliru, Kirundi, chochote kinachosemwa kwenu nyumbani. Hiyo mimi siwezi kuwajazia, waulizeni bibi.